Cherehani Mbele ya Msafara

Machi 14
Theluji bado iko magotini, na asubuhi Gaylen kaniamsha kana kwamba kuna ng'ombe anazaa. "Mama, vaa viatu. Leo tunakwenda kukuchagulia pikipiki." Nimeishi na mume huyu miaka mingi, najua akiwa na furaha ya namna hiyo hakuna wa kumzuia, kwa hiyo nikavaa viatu.

Naandika haya kwa sababu mwaka huu nataka uandikwe. Agosti iliyopita, baada ya kuongoza msafara wa Kundi la Alhamisi, waendesha pikipiki wa huku kwetu, kwenda kwenye tamasha la pikipiki la Sturgis mwaka baada ya mwaka, niliingia kituo cha mafuta cha Murdo nikiwa sina vidole. Vilikuwepo, nilikuwa naviona, ila vyote vilikuwa vimekufa ganzi, na nilipotaka kubana klachi hakuna kilichobana. Hilda, pikipiki yangu ya siku zote, akajiendea mwenyewe hadi kwenye pikipiki ya Merle Brandvold na kuiangusha mbele ya kila mtu. Merle ni binamu yake Gaylen, na anaipenda rangi ya pikipiki yake kuliko anavyowapenda watu wengi. Hakuumia mtu. Lakini safari iliyobaki niliimalizia ndani ya pikapu inayofuata nyuma na trela la pikipiki mbovu, nimebanwa kati ya masanduku ya barafu, na Merle akaongoza. Watu walionipungia mkono njiani bila shaka walidhani mimi ndiye mpishi.

Kundi lina sheria moja: anayesimamisha msafara kwa jambo lisilo mafuta anahamia mkiani. Anayepanda pikapu hana hata huo mkia. Wakati wa baridi walikaa kikao mgahawani, wakasema naweza kuongoza tena iwapo nitaimaliza safari ya majaribio ya Juni, kwenda Chamberlain na kurudi, bila kusimama ovyo. Nikishindwa, Merle anachukua uongozi. Nina miaka sitini na tatu. Nikiutoa mwaka huu sirudishiwi tena, na kila mmoja pale analijua hilo, ingawa walipokuwa wanaamua wote walijifanya wanatazama pai zao.

Basi tukaenda dukani. Ndani kuna joto, kahawa ya bure na donati. Nje barabara ni barafu tupu, kwa hiyo huwezi kujaribu chochote. Unakaa juu ya pikipiki iliyosimama, unashika usukani, unatazama ukuta. Hivyo ndivyo tunavyonunua pikipiki huku kwetu, mwezi wa Machi, tukiwa tumechoshwa na baridi hadi akili imeganda. Nikakalia moja kubwa nyekundu, ya Kimarekani kama Kundi linavyotaka, kiti kipana, vikanyagio viko mbele kabisa mpaka miguu inanyooka. Nilikaa pale donati mbili nzima.

"Hii haiwezi kukuumiza," Gaylen akasema. "Tazama hicho kiti. Hicho ni kitanda."

Tukamwacha Hilda kama sehemu ya malipo. Sikuuliza swali hata moja kuhusu injini.

Machi 15
Theluji.

Machi 28
Imeletwa kwa trela, iko gereji. Nimeipa jina la Sofa. Jioni nimejifunika blanketi nikaikalia na kunywa kahawa juu yake. Gaylen alikuja kunichungulia mara tatu, anacheka peke yake. Nikampigia Merle simu, nikamwambia aanze kuzoea kuniona mgongo.

Aprili 9
Theluji tena. Nimemaliza kushona nembo mpya za vizibao vya Kundi. Huwa nazishona mimi, zote.

Aprili 22
Barabara imekauka. Nimeiendesha Sofa hadi mgahawani, maili sita, na kurudi. Raha tupu. Sauti yake inatikisa madirisha ya benki. Merle alitoka nje na kitambaa cha mezani kikiwa bado shingoni, akaizunguka mara mbili. "Si mbaya, shem," akasema, na kwa Merle hayo ni mashairi. Nimelala vizuri.

Mei 3
Baraka ya Pikipiki. Mchungaji Solveig alitunyunyizia maji kwenye uwanja wa kanisa, zaidi ya pikipiki ishirini zimejipanga, zote za Kimarekani, injini zinanguruma wakati wa sala mpaka mtoto wa mtu akalia. Kisha tukatoka pamoja kwenda Mitchell kula.

Maili ya kumi, raha. Maili ya ishirini nikaanza kuhama makalio. Miguu ikiwa mbele vile, uzito wote unakaa kwenye ncha ya uti wa mgongo, na kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja hadi kwenye meno. Upepo unakusukuma kifua, na huna pa kujizuia isipokuwa mikono, kwa hiyo unaning'inia kwenye usukani kama nguo kwenye kamba. Na usukani unatetemeka. Hautikisiki kwa nguvu, unatetemeka kwa haraka, mtetemo mdogo usiokoma. Tulipofika Mitchell nikaona kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimelala. Tuliporudi nyumbani vilikuwa vimelala vyote vitano, na vya kulia vinafuata.

Sijamwambia mtu. Kalamu

Mei 4
Mimi ni Gaylen. Twyla anasema niandike kwa sababu jana kalamu ilimdondoka na leo bado hawezi kuishika vizuri. Anasema niandike kwamba mimi ndiye niliyesema ni kitanda. Nimeandika. Anasema niandike pia kwamba amelia. Sasa anasema nisiandike hilo, lakini nimeshaandika kwa wino. Hali ya hewa ni nzuri. Mahindi tutapanda Jumanne.

Mei 12
Gaylen hakubali kushindwa. Kaleta mpira mnene wa kuvalisha vishikio vya usukani, kaleta glavu zenye mto kiganjani, kaleta ngozi ya kondoo ya kutandika juu ya kiti. Nikaenda maili thelathini, nikarudi hali mbaya kuliko mwanzo. Kishikio kinene kinataka ukibane zaidi, na ukibana zaidi mtetemo wote unahamia kwako. Nimetoka hapo natembea kama bata.

Tumegombana jikoni. "Basi tuongeze ngozi ya pili," anasema.

"Ongeza hata kondoo mwenyewe, mzee. Kinachotetemeka ni injini."

"Pikipiki zote zinatetemeka. Ndiyo utamu wake."

"Utamu wake haujaniachia kidole cha kushikia kijiko."

Akatoka nje, akaenda kuongea na trekta.

Mei 13
Ni mvua tupu. Hatuongei sana.

Mei 20
Kuna mwanamke anaitwa Ione Schaap, ng'ambo ya Parkston, anauza pikipiki zilizotumika ndani ya zizi la zamani la nguruwe. Kundi haliendi kwake kwa sababu nusu ya alizonazo ni za Kijapani. Leo nimekwenda peke yangu, nikaacha ujumbe kwenye friji kwamba nimekwenda kutafuta mbegu za nyanya.

Nilimweleza yote: Murdo, ganzi, Sofa, Juni. Hakucheka. Akaniuliza, "Ulipoinunua uliiendesha kwanza?"

"Ilikuwa Machi."

"Kwa hiyo ulikaa."

"Nilikaa."

"Kukaa si kuendesha, dada. Hata kiti cha daktari wa meno ni kizuri kukalia." Akaninyooshea funguo tatu. "Nenda nazo moja moja. Ingia barabara kuu, fika maili sabini kwa saa, kwa sababu huko ndiko utakakoishi. Pikipiki inaweza kuwa malaika kwenye maili arobaini na shetani kwenye sabini. Usirudi kabla ya nusu saa, na ukirudi usiniambie kwamba unaipenda. Nioneshe mikono."

Mimi nina namna yangu ya kupima mikono. Ndani ya kizibao huwa na sindano na uzi, kwa ajili ya nembo zinazobanduka. Nikaamua: kila nikirudi, natunga uzi kwenye sindano.

Ya kwanza ilikuwa ya Kimarekani, injini yake imewekwa juu ya mipira. Ikiwa imesimama inatikisika kama mashine ya kufulia, lakini ukishika kasi inatulia, mtikisiko unabaki kwenye mipira na haufiki kwako. Nilitunga uzi mara ya pili tu. Ningeichukua, ila ni nzito kupita kiasi. Nilipotaka kuisimamisha kutoka kwenye mguu wake wa kuegeshea, Ione alikuja kunisaidia, na sitaki pikipiki inayohitaji watu wawili. Ya pili ilikuwa nyepesi na laini hadi nilipofika sitini na tano. Hapo ukaanza ule mtetemo mdogo, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, na uzi haukuingia kabisa.

Ya tatu ni ya Kijapani, ina rangi ya sinki la zamani. Vikanyagio viko chini ya magoti, si mbele, kwa hiyo miguu inabeba sehemu ya mwili na mgongo unapumzika. Usukani unanijia, siufuati. Ione aliniambia ndani ya injini kuna uzito unaozunguka kinyume na mapigo, injini ikivuta huku wenyewe unavuta kule, na mtetemo unamalizana humo humo. Sikuelewa vizuri na sikujali. Nilifika njia panda ya kurudi nikasahau kukata kona. Nilikwenda hadi karibu na mto na ikabidi nigeuze.

Zizini nikatoa sindano. Uzi ukaingia mara moja. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia kwa furaha, na Ione akajishughulisha na kufuta tangi lililokuwa safi.

Mei 21
Nimemwambia Gaylen. Alikula kwanza mayai yake mawili.

"Alhamisi watasema nini?"

"Watasema wanachosema. Mimi nataka vidole."

"Ile ni ya Kijapani, mama."

"Na jokofu letu je? Na redio ya trekta yako?"

"Redio siipandi mbele ya watu." Akaniangalia. "Mimi sitaipanda hiyo kitu, hata nyuma. Bora nitembee."

"Hujaombwa."

Mchana tukaipeleka Sofa kwa Ione, tukabadilishana. Gaylen aliibeba Sofa kwenye trela, mimi nikarudi nikiendesha ile ya Kijapani. Usiku Gaylen akaniletea bakuli la aiskrimu. Hiyo ndiyo radhi yake, naipokea. Lakini msimamo wake kuhusu pikipiki hajaubadilisha.

Mei 25
Alhamisi. Niliegesha mbele kabisa ya mgahawa, makusudi. Nikaingia. Kisha Merle, bila kuinua kichwa kwenye sahani ya nyama na viazi:

"Jamani, mbona nimesikia cherehani ikipita?"

Walicheka hadi vijiko vikaanguka. Nikaagiza kahawa. Merle akaendelea, sasa kwa upole, ambao ni mbaya zaidi. "Shem, tunakupenda. Lakini fikiria tunaingia Sturgis, watu wamejipanga kando ya njia, halafu mbele yetu kuna hiyo. Mimi sifuati cherehani."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, lakini kilichonijia ni kicheko. "Merle, simama ugeuke."

"Nigeuke kwa nini?"

"Geuka tu."

Akageuka, nafikiri kwa sababu aliwahi kuwa mtoto na mama yake alikuwa na sauti kama yangu. Mgongoni, nembo ya Kundi, bata mzinga mwenye mabawa. "Hiyo kaishona nani? Kwa kitu gani? Na ya Orrin? Na yako wewe, Delbert? Humu ndani hakuna mgongo ambao haukupita kwenye cherehani yangu, na haijawahi kumtupa mtu."

Orrin alitema kahawa. Hata Gaylen alicheka, kisha akakumbuka msimamo wake akaacha. Merle akakaa chini, masikio mekundu. "Haijabarikiwa," akasema. "Baraka ilikuwa Mei tatu. Hiyo haikuwepo. Pikipiki isiyobarikiwa haiongozi, na hilo halijawahi kutokea."

Hapo alinipata. Hakuna sheria kama hiyo, ila ni kweli halijawahi kutokea, na kwa watu wetu ni kitu kilekile.

Mei 27
Mchungaji Solveig alifika uwanjani kwetu saa ya chakula cha mchana na bakuli la kachumbari lililojaa maji. Nilimpigia simu jana tu. Nikamuuliza kama kuna tatizo kwa kuwa ni ya Kijapani.

"Twyla, mimi nimembariki mbuzi wa Delbert," akasema. "Shika hili bakuli."

Akainyunyizia, akaninyunyizia na mimi, akamrushia Gaylen aliyekuwa amejificha nyuma ya trekta. Kisha tukala. Tulimkaangia vipande vya kondoo na akachukua vingine vya nyumbani.

Juni 2
Upepo.

Juni 5
Upepo. Nimekwenda Mitchell na kurudi kununua sabuni. Sikuhitaji sabuni.

Juni 10
Safari ya majaribio. Tuliondoka asubuhi, mimi mbele, Gaylen wa tatu, Merle nyuma yangu kabisa kama askari anayemsindikiza mwizi. Upepo ulitoka kusini kwa nguvu ya kulaza majani, na upepo wa ubavuni ndio unaokufanya ubane usukani bila kujua. Nilijikumbusha kulegeza viwiko. Tukafika Chamberlain, tukajaza mafuta, tukageuza. Njia ya kurudi nilikuwa nangojea ganzi kama mtu anavyongojea mdai mlangoni. Haikuja. Niliingia mjini na vidole vyangu vyote, nikazima injini, nikavua glavu, nikatoa sindano na kutunga uzi mbele yao palepale kwenye lami. Hakuna aliyejua maana yake isipokuwa mimi. Walidhani nimechanganyikiwa na jua.

Merle kanijia. Ni mtu mgumu lakini si mwongo. "Umemaliza," akasema. "Utaongoza. Lakini mimi nitakaa mkiani, karibu na pikapu. Huko sitaiona."

"Utaisikia?"

"Hata kuisikia haisikiki. Ndilo tatizo."

Nimeandika haya kwa mwandiko mzuri ili watu wasome.

Juni 19
Mahindi yamefika magotini. Gaylen anazunguka kwenye barabara za mashambani peke yake jioni. Hataki nimfuate.

Julai 4
Sikukuu ya Uhuru. Kuchen, ile keki ya Kijerumani, nyama, fataki. Gaylen alishindwa kufungua chupa ya matango ya siki, akampa Orrin, naye akasema kifuniko kina kutu. Hakikuwa na kutu.

Julai 17
Mvua ya mawe imepita kaskazini yetu. Ya Mungu mengi. Nimelala mapema.

Julai 26
Nimekuwa nikiwatazama watu wa Kundi tangu Juni, na ninawaona tofauti. Wanaume hawa wakishuka kwenye pikipiki hawashiki kikombe mara moja. Wanasimama kwanza, mikono mifukoni, wanaongea habari za mbegu. Nilidhani ni mazoea. Sasa sijui. Nikimwuliza Gaylen anasema nimeanza kuona ganzi kila mahali.

Agosti 5
Sturgis. Naandika usiku huu kwenye kiti cha plastiki nje ya hema, na nataka kuandika yote kwa mpangilio.

Tuliondoka pikipiki ishirini na kitu. Mbele mimi, Gaylen wa tatu, Merle mkiani kama alivyoahidi, nyuma yake Orrin na pikapu. Chamberlain tulijaza mafuta. Murdo tulijaza mafuta, na niliegesha mahali palepale nilipoiangusha pikipiki ya Merle mwaka jana. Nilibana klachi, nikasimama kama ninavyotaka kusimama. Nikamwangalia Merle. Akaangalia bei ya mafuta.

Baada ya Murdo upepo ulizidi. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo katika miaka yote ya kuongoza sikulijua. Kwenye Hilda saitmira zilikuwa zinatetemeka, ukitazama nyuma unaona ukungu na taa. Niliongoza ukungu miaka yote hiyo, nikiamini watu wamo ndani yake. Leo saitmira zimetulia kama picha ya ukutani. Nilimwona Delbert anaimba. Nilimwona kila mmoja alivyokaa.

Na nilimwona Gaylen. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia pembeni na anautikisa, anautikisa. Akaurudisha kwenye usukani, akashindwa kuukunja, akaulaza juu yake kama kipande cha ubao. Kisha mkono wa kulia nao ukaanza. Pikipiki yake ikawa inasogea kwenye mstari, upande wa malori yanakopita, na yeye anairudisha kwa mabega. Naujua mchezo huo. Niliucheza mwaka jana hadi nilipoingia Murdo.

Mji wa Kadoka ulikuwa bado mbali, mafuta tulikuwa nayo tele. Nikisimama, nimesimamisha msafara kwa jambo lisilo mafuta, na ninaingia Sturgis nikiwa mkiani, baada ya yote haya. Nilijua hilo waziwazi, na niseme ukweli, liliniuma. Sikufikiri sana. Kulikuwa na sehemu ya kupumzikia kando ya barabara. Nikainua mkono, nikawasha taa, nikawaingiza wote humo taratibu.

Wakazima injini mmoja mmoja. Merle akaja kutoka nyuma, anatembea miguu imepanuka.

"Shem, kuna nini? Imekufa?"

"Haijafa."

"Mikono yako?"

"Mizima."

"Basi tumesimama kwa nini?"

Sikutaka kumtaja mume wangu mbele ya watu. Anajivuna kwa mambo machache sana, na kuendesha ni moja. "Nimesimama kwa sababu nimesimama," nikasema. "Sheria naijua. Nahamia mkiani. Merle, chukua mbele."

Gaylen alikuwa bado kwenye pikipiki yake, anajaribu kufungua zipu ya koti. Haikushikika. Alijaribu kwa kiganja, kisha kwa meno. Kila mtu akawa anamtazama. Akaacha.

"Amesimama kwa ajili yangu," akasema. "Sina mikono tangu Murdo."

"Tangu Murdo?" nikamuuliza.

"Tangu miaka minne, mama."

Nilimfungulia zipu, nikaishika mikono yake, baridi na mizito kama samaki. Nilikuwa na hasira na nilikuwa nampenda, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi. Nikawageukia wengine.

"Inueni mikono. Wote. Sasa fungeni ngumi."

Walitazamana. Delbert alifunga nusu. Wengi waliinua vidole vilivyosimama kama mipini ya majembe. Merle hakuinua kabisa, kwa sababu alikuwa amebana chupa ya maji kwapani na anajaribu kuifungua kwa jino. Aliponiona namtazama akaitoa mdomoni.

"Ni chupa mbaya," akasema.

Orrin ndiye aliyeanza kucheka, pale kwenye pikapu, halafu Delbert, halafu wote, wanaume wazima wanashikilia mbavu kwa mikono isiyoshika. Niliifungua chupa ya Merle nikampa. Alikunywa, akafikiri, akakohoa.

"Nasema hivi. Sheria inasema anayesimamisha msafara. Twyla alipunguza mwendo tu. Aliyesimamisha ni Gaylen." Akatazama huku na huku kama kuna anayepinga. "Twyla anabaki mbele. Na mimi nitakuwa nyuma yake, kwa sababu pale mkiani sioni chochote kwenye hivi vioo vyangu."

Hakuna aliyepinga.

Wakaipandisha pikipiki ya Gaylen kwenye trela. Gaylen alikwenda hadi mlangoni mwa pikapu, akatazama ndani, akaona yale masanduku ya barafu na nafasi iliyobaki katikati. Nilijua anachokiona. Akarudi polepole, akasimama pembeni ya cherehani yangu, ameingiza mikono mifukoni.

"Hapo nyuma pana nafasi?"

"Ulisema bora utembee."

"Ni mbali."

"Panda, mzee."

Akapanda. Akanizungushia mikono kiunoni, sikuihisi inabana, ikanilalia tu. Nikainua mkono wangu wa kushoto, nikaona kwenye saitmira mikono yote nyuma inainuliwa kupokezana ishara hadi mwisho, nikatoka. Tukapita Kadoka, tukajaza mafuta Wall, tukaona vilima vyeusi vinapanda mbele yetu. Karibu na Wall nilihisi vidole vya Gaylen vinaanza kurudi, kimoja kimoja, tumboni kwangu. Alinigonga begani. Niliinamisha sikio. "Haitetemeki," akasema. Ilikuwa imemchukua muda huo wote kukubali kulisema.

Foleni ya kuingia Sturgis ilikuwa ndefu, mwendo wa kutembea, watu wamejipanga pande zote mbili na viti vyao. Wakatuona. Mwanamke mwenye mvi juu ya pikipiki ya rangi ya sinki, na nyuma yake zaidi ya ishirini za Kimarekani zinanguruma na kumfuata. Mtu mmoja akasimama kwenye kiti chake akapiga makofi, na makofi yakaenda mbele yetu barabara nzima. Nilitaka kumwambia Gaylen atazame, lakini nilihisi uzito umeniegemea mgongoni, paji la uso limelala katikati ya mabega yangu, pumzi ndefu. Alikuwa amesinzia. Katika kelele zote zile, mtu aliyesema hataikalia hata nyuma, alikuwa amelala fofofo.

Nikaendesha taratibu hadi mwisho wa barabara kuu. Sikumwamsha. Nilipozima injini ndipo akainua kichwa, akafuta mdomo, akatazama mahema na umati.

"Wengine wako wapi?" akauliza.

"Nyuma yetu, mzee," nikamwambia. "Wote."